Majengo ya kale ya Jinja na Mbale: nani atayalinda miji inapokua?

Tarehe 1 Julai 2020, miji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, ilipandishwa hadhi na kuwa majiji. Mafubira, iliyokuwa kaunti ndogo kaskazini mwa mji wa Jinja, katika njia iendayo Kamuli, iliingizwa ndani ya mipaka ya jiji pamoja na vijiji vyake. Kwa wakazi wengi hadhi hiyo ina maana ya barabara, taa na masoko mapya. Kwa majengo ya kale ya sehemu hizo ina maana nyingine: kiwanja kilicho chini ya jengo huenda sasa kikawa na thamani kubwa kuliko kuta zilizosimama juu yake.

Historia ya majengo hayo ina kinyume chake. Kwa miongo kadhaa yalisalia kwa sababu ya shida. Mwenye fedha za kuyabomoa hakuwa na haki ya kufanya hivyo, na mwenye haki alikuwa mbali au hakujulikana. Sasa shida hiyo inapungua, hati zinapata wenyewe, na wawekezaji wanarudi. Ulinzi uliotokana na uhaba unaondoka, na swali ni kama sheria, halmashauri na wananchi wako tayari kushika nafasi yake.

Mto, reli na pamba

Jina la Jinja linatokana na neno la wenyeji lenye maana ya jiwe au miamba, kwa kuwa hapo ndipo maji ya Ziwa Victoria yalipokuwa yakimwagika juu ya mawe na kuanza safari ya mto Nile. Mwingereza John Hanning Speke alifika kwenye maporomoko hayo mwezi Julai 1862 na kuyapa jina la Ripon. Wasoga na Waganda waliokuwa wakivuka na kuvua hapo walikuwa na majina yao tangu zamani.

Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliifanya Jinja kuwa makao ya utawala wa Busoga. Biashara ilifuata upesi. Mfanyabiashara Alidina Visram, aliyeanzia pwani na kufariki mwaka 1916, alikuwa miongoni mwa Wahindi wa kwanza kufungua maduka katika miji mingi ya bara, Jinja ikiwemo. Mwaka 1912 reli ya Busoga ilifunguliwa kutoka Jinja kuelekea kaskazini hadi bandari ya Namasagali, ili pamba iliyovunwa pande za Ziwa Kyoga ifike kwa urahisi kwenye Ziwa Victoria na kuvushwa kwa meli. Mwaka 1928 Jinja iliunganishwa na reli kuu itokayo Mombasa, na mwaka 1931 daraja la reli juu ya Nile liliruhusu treni kufika Kampala.

Kila hatua iliacha majengo: stesheni, maghala, vinu vya kuchambulia pamba, nyumba za wafanyakazi, mahekalu, misikiti, makanisa na safu za maduka. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth II alifungua bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale. Viwanda viliongezeka, na Jinja ikawa kitovu cha viwanda nchini. Bwawa hilo hilo liliinua maji na kuyafunika maporomoko ya Ripon. Anayekwenda leo kutazama chanzo cha Nile haoni kile alichokiona Speke. Ni hasara ya mapema ya urithi katika mji huo, na ilitokea kwa jina la maendeleo.

Duka mbele, nyumba nyuma

Jengo linalojulikana zaidi katika Jinja ya kale ni duka lenye baraza. Mbele kuna nguzo zinazobeba paa la baraza, na mpita njia huweza kutembea mbali akiwa kivulini, au kujikinga mvua bila kununua kitu. Nyuma ya baraza kuna duka lenye milango mipana ya mbao. Nyuma ya duka, au ghorofani, kuna vyumba vya familia, na katikati ua wa kupikia, kufulia na kupumzikia. Mwenye duka aliishi na bidhaa zake, na mtaa haukuwa mtupu hata usiku.

Sehemu ya juu ya ukuta wa mbele ndiyo iliyopewa mapambo. Mafundi walichonga kwa lipu maua, matao au mistari, na mara nyingi jina la mwenye nyumba na mwaka wa kujengwa. Hivyo ukuta huo ni hati ya wazi: anayejua kusoma huona ni nani aliyejenga, mwaka gani, na mtindo upi ulipendwa wakati huo. Majengo ya awali yana mapambo mengi yanayofanana na ya magharibi mwa India. Yale ya miaka ya 1930 hadi 1950 yana kona za mviringo na mistari iliyonyooka, mtindo uliokuwa ukienea duniani kote wakati huo.

Vifaa vilitoka karibu na mbali. Matofali yalichomwa hapa hapa. Mbao za mvule, mti ambao Busoga ilisifika kwao, zilitumika kwa milango na miimo kwa kuwa mchwa huziogopa. Mabati yaliletwa kwa meli na reli, na baadhi ya nyumba ziliezekwa kwa vigae vya Mangalore kutoka India. Wenye nyumba walikuwa Wahindi kwa wingi. Mikono iliyochoma matofali, kubeba maji na kuinua kuta ilikuwa kwa wingi ya Waafrika, na majina yao hayakuchongwa mbele ya jengo lolote.

Mbale na jina la Kakungulu

Mbale, iliyo chini ya ukingo wa Wanale katika miteremko ya mlima Elgon, ina mwanzo tofauti. Mji huo ulichipuka karibu na makazi ya Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeutumikia utawala wa Waingereza na kuwatiisha watu wengi wa mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikaa hapo na wafuasi wake, akafungua njia na mashamba, na wafanyabiashara wa Kihindi, Kiarabu na Kiswahili wakavutwa na soko lake. Kuanzia mwaka 1906 hadi 1913 alihamishiwa Jinja kuongoza baraza la Busoga, kisha akarudi Mbale. Miji hii miwili, kwa hiyo, ina jina lake katika historia zote mbili.

Mwaka 1919 Kakungulu alijitenga na dini ya wamishenari na kuanzisha jumuiya ya Wayahudi wa Uganda, Abayudaya, ambayo ingali na sinagogi lake katika kilima cha Nabugoye nje ya mji. Wakati wa Idi Amin ibada yao ilipigwa marufuku. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Kwa Abayudaya, makazi yake na sehemu za ibada ni mahali patakatifu. Kwa baadhi ya Wagisu, jina lake linakumbusha ardhi iliyotwaliwa. Jengo moja laweza kubeba kumbukumbu mbili zisizopatana, na anayelihifadhi hana budi kuzisikiliza zote.

Mbale iliwahi kusifiwa kuwa mji safi kuliko yote nchini. Mnara wake wa saa, mitaa yake ya maduka ya kale na stesheni katika reli ya Tororo hadi Soroti ni sehemu ya sura hiyo. Mji huo una pia adui asiyekuwepo Jinja kwa kiasi hicho: maji ya mlimani. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, na nyumba na barabara zikaharibiwa. Kwa hiyo hifadhi ya majengo ya Mbale haiwezi kutenganishwa na hali ya misitu ya Elgon na ya mifereji ya mji.

Mwaka 1972 na nyumba zisizo na mwenyewe

Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Makumi ya maelfu walifunga milango na kwenda, wengi wakiwa na masanduku tu. Jinja, ambako Waasia walikuwa sehemu kubwa ya wakazi na wafanyabiashara, ilibadilika katika muda wa majuma machache. Majengo yao yaliwekwa chini ya bodi ya serikali iliyosimamia mali za Waasia walioondoka, kisha yakagawiwa au kupangishwa.

Wapangaji wapya hawakuwa na hati, na bodi haikuwa na fedha wala haraka ya kutengeneza. Paa lililovuja liliendelea kuvuja. Nyumba ya familia moja iligawanywa kwa mbao na kukaliwa na familia nyingi, na ua uliokuwa wa kupumzikia ukajengwa vibanda. Hata hivyo hakuna aliyeweza kuibomoa nyumba ambayo mwenyewe angeweza kurudi kesho. Wakati miji mingine ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunja maduka ya zamani na kusimamisha maghorofa, mitaa ya Jinja na Mbale ilibaki karibu kama ilivyoachwa: imechakaa, lakini ipo.

Sheria ya mali zilizotwaliwa, iliyopitishwa mwaka 1982, ilifungua njia ya wenyewe kudai mali zao. Urejeshaji ulishika kasi baada ya serikali ya mwaka 1986 kuwaalika warudi, hasa katika miaka ya 1990. Wengine walirudi na kukarabati. Wengine walirudi ili kuuza. Wengine hawakurudi kabisa, na nyumba kadhaa zikabaki katika migogoro ya hati ambayo Bunge limewahi kuifanyia uchunguzi. Nyumba yenye kesi mahakamani hukarabatiwa kwa nadra, kwa sababu hakuna anayetaka kutia fedha katika paa atakalonyang'anywa.

Sheria inasema nini

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka serikali na wananchi kulinda mali ya umma na urithi wa utamaduni. Kwa muda mrefu chombo cha kutekeleza agizo hilo kilikuwa sheria ya kumbukumbu za kihistoria ya mwaka 1967. Sheria hiyo ilimpa waziri uwezo wa kutangaza mahali kuwa pa kulindwa. Mahali pasipotangazwa palibaki bila kinga, hata pawe na umri gani. Majengo ya mitaani, ambayo ni mali ya watu binafsi, yalitangazwa kwa nadra. Mwaka 2023 Uganda ilipata sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu za kihistoria iliyochukua nafasi ya ile ya zamani.

Kinga ya karibu zaidi na mwananchi, hata hivyo, iko katika ofisi za mipango za jiji. Sheria ya mipango ya mwaka 2010 inamtaka anayeendeleza kiwanja apate kwanza idhini. Ikiwa afisa anayepokea maombi ana orodha ya majengo ya kihistoria mezani pake, ataweza kuuliza swali kabla ya nyundo kuanza kazi. Asipokuwa nayo, duka la mwaka 1925 na banda la juzi ni kitu kimoja mbele yake. Ndiyo maana kazi ya kuorodhesha ni ya kwanza kwa umuhimu. Shirika la Cross-Cultural Foundation of Uganda limefanya kazi hiyo kwa majengo ya Kampala, Entebbe na Jinja, kwa kuyapiga picha na kuandika historia zake. Mbale na vijiji vilivyoingizwa majijini vinastahili kazi kama hiyo kabla ramani mpya hazijakamilika.

Kasoro kubwa inabaki kuwa ya fedha. Mwenye jengo akiambiwa asilivunje, naye huona jirani akijenga ghorofa tano na kupokea kodi mara kumi, atahisi ameadhibiwa kwa kutunza. Nchi nyingi zimejaribu kuziba pengo hilo kwa nafuu ya kodi, mikopo ya ukarabati, au ruhusa ya kujenga zaidi sehemu ya nyuma mradi uso wa jengo ubaki. Marufuku peke yake humfanya mwenye jengo aliache livuje mpaka lianguke lenyewe.

Jinsi jengo linavyokufa

Majengo ya matofali hufa kwa maji kuliko kwa umri. Mvua za Jinja na Mbale ni nyingi, na safari ya uharibifu huanza mahali padogo. Bati moja huinuka, maji huingia kwenye mbao za paa, mbao huoza, paa hulemea upande mmoja, na ukuta hupasuka. Mfereji wa paa ulioziba humwaga maji katika msingi mmoja miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo fundi mwenye busara huanza juu: paa kwanza, mifereji ya maji pili, na rangi mwisho. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa rangi ndiyo inayoonekana.

Kosa la pili ni saruji. Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa chokaa au udongo, vitu laini vinavyoruhusu unyevu kutoka. Zikipigwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani. Saruji hubaki ngumu, tofali lililo nyuma yake likageuka unga, na baada ya miaka michache lipu yote huanguka pamoja na uso wa tofali. Dawa ni kurudisha chokaa, ambayo ni rahisi kupatikana katika Uganda ya mashariki, kwani mawe ya chokaa huchimbwa Tororo. Kinachokosekana ni mafundi wanaojua kuilowesha, kuisubiri na kuipaka kwa tabaka nyembamba. Ujuzi huo ukifundishwa katika vyuo vya ufundi, ungewapa vijana kazi isiyoweza kuagizwa kutoka nje.

Jambo la tatu ni kutoondoa kisichohitaji kuondolewa. Mlango wa mvule wa miaka 90 ukiwa umeoza chini tu, seremala hukata sehemu iliyooza na kuunga kipande kipya. Wengi huutupa na kuweka mlango wa chuma. Mvule sasa ni adimu, na mlango huo haupatikani tena kwa bei yoyote ya kawaida.

Jengo lenye kazi hudumu

Mfano mzuri wa uhifadhi katika Busoga haukuanza kama mradi wa uhifadhi. Mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliiharibu bandari ya Namasagali, na reli ya mwaka 1912 ikapoteza kazi. Karakana na nyumba za reli zingeweza kubaki magofu. Badala yake zikawa shule, Namasagali College, iliyokuja kuwa mashuhuri nchini kwa muziki, tamthilia na dansi. Baadaye sehemu hiyo ikawa tawi la Chuo Kikuu cha Busitema. Majengo yalisalia kwa sababu watu waliendelea kulala, kusoma na kuzibua mifereji ndani yake.

Barabara kuu ya Jinja inaonyesha jambo hilo kwa namna nyingine. Baadhi ya maduka ya zamani yamekuwa mikahawa na maduka ya sanaa yanayotegemea watalii wa Nile. Faida yake ni kwamba paa linatengenezwa. Hatari yake ni kwamba kodi ikipanda sana, fundi cherehani na muuza vifaa vya baiskeli watahama, na mtaa ubaki na kuta bila watu wake.

Zanzibar imepita njia inayofanana. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, zikagawanywa kwa wapangaji, na nyingi zikaporomoka. Mamlaka maalumu ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Heshima ya kimataifa haizibi paa. Matengenezo madogo ya kila mwaka ndiyo yanayoziba. Huko Kampala, makaburi ya Kasubi yaliyoungua Machi 2010 yalijengwa upya kwa kutegemea waezekaji wanaojua mila ya kazi hiyo, na mwaka 2023 UNESCO iliyaondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Historia ya nani?

Kuna swali ambalo wahifadhi hawawezi kulikwepa. Mji wa kikoloni ulipangwa kwa rangi: Wazungu karibu na ziwa na bustani, Waasia katikati, Waafrika pembeni. Kwa nini mwananchi wa Mafubira, ambaye babu yake hakuruhusiwa kukaa katika mitaa hiyo, agharimie kuta zake?

Jibu la kweli haliwezi kuwa uzuri peke yake. Ikiwa orodha ya majengo itakuwa na maduka ya Wahindi na nyumba za maafisa wa Kiingereza tu, swali hilo litakuwa na haki. Orodha kamili haina budi kuwa na mtaa wa Walukuba, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, ambako watu wa makabila mengi walielewana kwa Kiswahili, lugha ya reli, kambi na kiwanda. Haina budi kuwa na Bugembe, makao ya utawala wa Busoga, jirani na Mafubira. Haina budi kuwa na kilima cha Mpumudde, alikofariki Omukama Kabalega wa Bunyoro mwezi Aprili 1923, akiwa njiani kurudi kwao kutoka uhamishoni Ushelisheli. Na vinu vya pamba vya vijijini, ambako wakulima walipanga foleni na magunia yao, vina haki ya kuandikwa kama duka la mwenye kinu.

Kazi hiyo haingoji Bunge. Mwenye nyumba anaweza kuzibua mfereji kabla ya mvua za Machi na kutunza nakala ya hati mahali pakavu. Mwalimu anaweza kuwapeleka wanafunzi mtaani wakaandike miaka iliyochongwa juu ya maduka. Wazee waliofanya kazi relini na viwandani wanaweza kurekodiwa wakisimulia, kwa Kiswahili chao, ni nani aliyechoma matofali na kwa ujira gani. Halmashauri za Jinja na Mbale zinaweza kuhitaji picha ya jengo lolote la zamani kabla ya kuidhinisha livunjwe.

Katika mitaa ya maduka, kuta nyingi za juu zimekwisha kupakwa rangi za matangazo ya simu na vinywaji. Chini ya rangi hiyo herufi na tarakimu zilizochongwa bado zinaonekana jua linapopiga kutoka ubavuni. Lipu ikishabanduliwa, jua haliwezi kuzirudisha.